Wenceslaus Burito, Aliyeliliwa Akiwa Hai

Baba Paroko, wazee wetu wa Butiama, wageni kutoka Musoma na Bunda, na ninyi majirani mliokaa nasi tangu Ijumaa: Tumsifu Yesu Kristo. Ndugu zetu Waislamu, asalaam aleikum. Mimi ni Wegesa, ninayemfuata marehemu kwa kuzaliwa. Familia imenipa kazi ya kusoma maisha yake. Nikinyamaza kidogo katikati mnivumilie, nitaendelea.

Wenceslaus Burito alizaliwa hapa hapa Butiama tarehe 28 Septemba 1953, akiwa mtoto wa kwanza wa marehemu Mzee Burito Wambura na mama yetu mzazi, Boke, ambaye mnamwona amekaa pale mkekani. Padri aliyembatiza alitazama kalenda ya watakatifu akampa jina la siku ile. Mzee alilipokea. Mama alisema jina refu namna hiyo litamchosha mtoto kabla hajaanza kutembea, akamwita Wensi, na jina hilo likamfuata mpaka Dar es Salaam. Utotoni alichunga ng'ombe kama watoto wengine, lakini alikuwa mchungaji mbaya. Mzee alizoea kusema kwamba Wensi akiona mwanga mzuri mlimani, ng'ombe wanakula shamba la jirani.

Alisoma shule ya msingi hapa Butiama kuanzia 1961 hadi 1967, kisha sekondari mjini Musoma, akamaliza kidato cha nne mwaka 1971. Masomo yake yalikuwa ya wastani. Mwalimu mmoja aliandika kwenye ripoti yake kwamba mtoto huyu ana macho lakini hana masikio. Mzee alikasirika sana, akaikunja ripoti na kuiweka mbali. Baadaye tulikuja kuona kwamba nusu ya maneno yale ilikuwa unabii. Mwaka 1972 alikwenda Jeshi la Kujenga Taifa, na aliporudi aliingia katika studio ya picha ya marehemu Mzee Nassibu Kudura, pale Mwisenge, kuomba kazi.

Mzee Nassibu alimuuliza, "Shuleni ulifaulu nini?"

"Jiografia."

"Vizuri. Ramani ya uso wa mtu utaisomea hapa. Shika ndoo hiyo ukachote maji ya kusafishia picha."

Hivyo ndivyo kaka yetu alivyoanza kazi ambayo hakuiacha mpaka mikono ilipokosa nguvu.

Mwaka 1976 aliajiriwa na serikali katika ofisi ya habari ya mkoa. Alikuwa mpiga picha na mwendeshaji wa gari la sinema. Wengi wenu mnalikumbuka gari lile. Lilifika vijijini, inafungwa shuka nyeupe kati ya nguzo mbili, na watu wanaona kilimo bora cha pamba, chanjo ya mifugo, na mwishoni sinema ya kuchekesha. Wazee walimpenda kwa sababu hakuondoka kabla ya kuirudia ile ya kuchekesha. Halafu vita vikaja, na baada ya vita ukaja ule wakati ambao sisi tuliokuwepo hatuhitaji kuelezwa. Sabuni hakuna, sukari hakuna, mafuta ya taa hakuna. Petroli haikupatikana, na gari la sinema liliwekwa juu ya mawe nyuma ya ofisi mpaka kuku wakatagia ndani yake. Kaka aliendelea kwenda kazini kila siku, analifuta vumbi, anarudi.

Jioni alikuwa anarudi kumsaidia Mzee Nassibu. Karatasi za picha nazo zilikuwa zimeadimika, hasa zile kubwa. Mzee Nassibu akaweka sheria, na kaka akaishika: karatasi kubwa ni ya marehemu peke yake. Aliye hai anapata ndogo ya kuweka mfukoni, kwa sababu yeye mwenyewe yupo, tunaweza kumwona. Aliyefariki ndiye anayekuzwa, akatangulia mbele ya jeneza lake. Naomba mlikumbuke jambo hili. Sheria ile iliwekwa kwa sababu ya uhaba, lakini uhaba ulipokwisha na maduka yakajaa karatasi za kila aina, watu wa huku walikuwa wameshazoea. Hakuna mtu mzima wa Bunda wala Butiama aliyekubali kukuzwa picha akiwa anapumua. Walisema, "Picha kubwa ikitoka kwa Wensi, ujue kuna mtu tumemzika."

Tarehe 24 Julai 1982 alifunga ndoa takatifu na shemeji yetu Nyangi, parokiani Musoma. Ilikuwa harusi ya wakati ule. Chai ilinywewa kwa asali iliyotoka kwa wajomba, na bibi harusi alivaa katambuga za tairi zilizopakwa chokaa zifanane na viatu vyeupe. Zilipofika altareni zilikuwa zimeshageuka nyeusi. Kaka alikuwa na filamu iliyobaki kidogo tu, akamfundisha msimamizi wake, rafiki yake wa kuchunga ng'ombe, Enoka, namna ya kubonyeza. Ikatoka picha moja. Nyangi anaonekana vizuri, anacheka. Kaka anaonekana kuanzia tai kwenda chini. Kwa miaka yote Enoka alipoulizwa kichwa cha bwana harusi kiko wapi alijibu, "Kilikuwaga kirefu, hakikuenea." Mungu aliwajalia watoto watatu, na nyumba yao ya Nyasho haikuwahi kukosa mgeni wa kutoka kijijini.

Mwaka 1993 alipunguzwa kazini pamoja na wengine wengi. Alikuja hapa, akakaa na Mama jikoni, akala, akalala, akaamka akiwa ameamua. Alinunua kamera ya video iliyokwishatumika, akaungana na rafiki yake Yunusu Hamduni wa Bunda, ambaye alikuwa amefungua ukumbi wa kuonyesha video na baadaye akasimamisha lile dishi kubwa la wavu. Wensi alipiga harusi, kipaimara, jando, na misiba. Msibani alikuwa na utaratibu wake: hakumpiga picha maiti. Alisimama nyuma ya watu akawapiga waliobaki. Aliniambia, "Aliyekufa ameshamaliza kuonekana. Hawa ndio watakaotaka kujiona siku moja, wajue kwamba walipita hapo wakatoka."

Televisheni zilipoanza Dar es Salaam, kituo kimoja kikamtaka awe mtu wao wa Mara. Alikuwa anaweka kanda kwenye basi la Mwanza zikiwa zimefungwa kwenye kanga ya Nyangi. Kanga nyingi hazikurudi, na Nyangi alikuwa anasema amevisha nusu ya wafanyakazi wa televisheni.

Sasa nifike pale ambapo wengi wenu mnapajua, lakini wageni wetu hawapajui.

Mwaka 1998 magugu maji yaliziba ziwa pale Makoko. Kina mama walikuwa wanayasukuma kwa fito ili wafikie maji ya kuchota. Kaka aliingia majini mpaka kifuani na kamera begani. Katika picha zile, mama mmoja anasikika akimfokea, "Wewe mwenye kamera! Umesimama kama mlingoti! Shika ndoo kwanza, picha utapiga nikishatoka!" Picha inayumba, na mkono wa kaka unaonekana unapokea ndoo. Angeweza kukata kipande hicho, lakini alikiacha. Dar es Salaam walikipenda hicho kuliko vyote, na kwenye ile hafla ya kila mwaka ya kuwatuza watu wa televisheni, jina lake likaingia kwa wapiga picha bora wa mikoani. Walimtaka aende, tena atangulize picha yake. Mtu aliyepiga picha za mkoa mzima hakuwa na yake hata moja yenye kichwa. Ikabidi arudi Mwisenge kwa Mzee Nassibu, aliyekuwa mzee sana wakati huo, akaketishwa kwenye kiti kama mteja. Ni hiyo mnayoiona mbele ya jeneza.

Kwenye hafla hakwenda. Wiki ile kulikuwa na maziko Majita ya mzee ambaye kaka mwenyewe alikuwa amemwahidi, kwa mdomo wake, kwamba siku hiyo atakuja. Nyangi alimsihi aende Dar. Akajibu, "Tuzo itaningoja. Marehemu hangoji."

Hafla ilifanyika Jumamosi tarehe 5 Desemba, na ikaonyeshwa Jumapili mchana. Ukumbi wa Yunusu ulijaa. Mvua kubwa ilinyesha, na mliokuwepo mnajua bati la ukumbi ule: mvua ikipiga, hata ukipiga kelele jirani yako hakusikii. Basi walikuwa wanatazama tu. Wakaona watu wa Dar wamevaa suti nyeusi. Wakaona picha ya Wensi, kubwa, imejaza kioo chote. Wakaona watu wale wote wanasimama. Na umeme ukakatika.

Naomba mtu asiwacheke. Sisi tulikuwa hatujawahi kuona picha kubwa ya mtu aliye hai, wala watu kumsimamia mtu asiyekuwepo, isipokuwa kanisani siku ya kumuaga marehemu. Yunusu alifunga ukumbi, akapakia wazee kwenye pikapu yake, akaja huku kwenye matope. Alivua kofia pale uani akasema, "Mama, tumwombee Wensi." Mama hakumuuliza lolote. Alipiga yowe moja, na kilima chote kikajibu.

Jumatatu Nyangi aliletwa kutoka Nyasho. Yeye alijua mumewe yuko Majita, akaamini amezama ziwani, na kwamba televisheni wamepata habari kabla yetu kwa kuwa televisheni hupata habari kabla ya kila mtu. Mama alinyoa nywele. Ng'ombe alichinjwa. Moto wa msiba uliwaka hapa uani.

Jumanne mchana kaka alishuka kwenye basi pale njia panda, akamkuta Enoka anatembea mbele yake na mzigo wa kuni kichwani.

"Enoka, kuni zote hizo za nini?"

Enoka hakugeuka. "Za msiba."

"Msiba wa nani?"

"Wa Wensi wa Mzee Burito. Na wewe ukiwa na mikono, nipokee."

"Leta basi."

Hapo Enoka akageuka. Kuni zikabaki barabarani. Enoka yupo hapa leo, na mpaka sasa anakataa kwamba alikimbia. Anasema alikuwa anawahi kutoa taarifa.

Wazee walimkataza kaka asipite njia kubwa. Walisema mtu aliyekwisha kuliliwa haingii kwa njia anayotokea maiti. Wakavunja ua wa minyaa nyuma ya jiko, wakafanya pengo, akapita hapo akiwa ameinama, na Mama akammwagia maji kichwani. Katekista wetu alikuwepo. Aligeuka akatazama milima mpaka walipomaliza, Mungu amlinde.

Kaka alipoelezwa yaliyoonekana ukumbini alisema, "Mama, hawakusema nimekufa. Wamenipa tuzo."

"Tuzo ndiyo nini?"

"Watu wanakusanyika, wanakusifu kwa kazi yako, wanasimama."

"Na wewe haupo?"

"Sikuwepo. Ndiyo maana wakaweka picha."

"Kubwa?"

"Kubwa."

Mama akasema, "Wensi, hapa kwetu mtu anakusanyiwa watu, anasifiwa, anasimamiwa, na picha yake inakuzwa, siku moja tu. Hao wa Dar wamekufanyia mapema. Nani aliwatuma?"

Kaka alicheka mpaka akakaa chini kwenye matope. Mama hakucheka. Nyama ya msiba ililiwa kwa furaha, lakini yeye hakuigusa.

Baadaye watu wa Dar walileta tuzo yenyewe, kioo kilichochongwa, pamoja na ile picha. Kioo kiliwekwa Nyasho juu ya televisheni. Picha kaka aliileta kwa Mama aone kwamba haina ubaya. Mama aliipokea, akaiegemeza chumbani kwake ikitazama ukuta, na hakuna aliyeruhusiwa kuigeuza. Na pengo la minyaa hakukubali lizibwe. Alisema, "Njia imemrudisha. Iacheni." Tangu siku ile kaka kila alipokuja nyumbani alipita pengoni, hata akiwa na suti, hata akiwa na kamera kichwani, na Mama alikuwa anamsikia kwa namna anavyogombana na matawi.

Mwaka jana miguu ilianza kuvimba. Hospitali walisema ni figo, kutokana na shinikizo la damu la muda mrefu. Alitibiwa Musoma, akapelekwa Mwanza, akarudishwa Musoma mwezi wa Juni. Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa upole. Yunusu alikuwa anakuja kutoka Bunda na maziwa kwenye chupa ya chai. Siku moja kaka alimwambia, "Yunusu, safari hii habari usipeleke wewe."

"Kwa nini, mshikaji wangu?"

"Hutaaminika."

Walicheka wote wawili, halafu Yunusu akatoka nje barazani akakaa huko muda mrefu.

Mimi aliniambia jambo lingine. Alisema, "Wegesa, mtamwambia Mama, lakini msimharakishe. Mara ile nilichelewa, akanililia machozi yake yote. Sijui kama amebakiwa na mengine. Mpeni nafasi aningoje." Nilimwahidi. Alipokea Sakramenti ya Mpako wa Wagonjwa, na Alhamisi tarehe 9 Agosti 2001, mchana, alituaga akiwa mikononi mwa Nyangi. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na saba.

Ijumaa nilikuja kumwambia Mama. Alikuwa anapepeta mtama. Aliniuliza, "Nani kasema?"

"Mimi, Mama. Nilikuwepo, niliona."

"Yunusu naye aliona."

Akaendelea kupepeta. Kisha akasema, "Mngojeni mpaka Jumanne. Jumanne anakujaga."

Ninyi mliofika Jumamosi na Jumapili mkaambiwa maziko bado, mkanung'unika, na wazee mliotukaripia kwamba mwili haungoji, leo mmejua sababu. Tunaomba radhi. Tulimwendea Baba Paroko, naye akasema mama angojewe. Nilikuwa na hofu moja tu, nayo niiseme: kwamba tutamzika kaka, na Mama ataendelea kumngoja pengoni mpaka naye Mungu amwite, bila kulia, bila kupumzika.

Jana, Jumanne, Mama alioga asubuhi, akavaa gauni la kanisani, akakaa kwenye kigoda kando ya pengo. Alikataa chakula. Basi la mchana lilipita pale njia panda, akainua kichwa, halafu akakiinamisha. Jioni gari lililobeba jeneza lilifika, na vijana wakawa wanaingia kwa njia kubwa. Mama akawaita bila kusimama.

"Leteni huku. Kama ni yeye, anaijua njia."

Wazee walitazamana. Hakuna aliyebisha. Jeneza likapitishwa pengoni, na matawi ya minyaa yakakwaruza mbao kama yalivyokuwa yanamkwaruza mwenyewe. Mama aliomba lifunguliwe. Alimtazama, akamshika sikio, kama alivyozoea kumshika akiwa mtoto. Akasema, "Ni yeye. Amechoka." Hakulia. Aliingia ndani akalala, na sisi hatukulala.

Haya ninayosoma sasa hayamo katika karatasi mlizogawiwa, kwa sababu yametokea leo asubuhi. Nilipotoka nje nilimkuta Mama na jembe, anapanda vipande vya minyaa kwenye pengo. Nilitaka kumsaidia, akanizuia kwa mkono. Alipanda kimoja kimoja, akishindilia udongo kwa mguu. Alipofika kipande cha mwisho alikishika, hakukipanda. Hapo ndipo alipolia. Ndugu zangu, machozi alikuwa nayo. Kaka alikuwa na hofu bure.

Marehemu ameacha mama yake mzazi, Boke, mjane, Nyangi, watoto watatu, Leonardi, Boke Mdogo na Florian, mimi mdogo wake, rafiki zake Enoka na Yunusu ambao hatuwezi kuwatenganisha na familia, na kina mama wa Makoko, ambao wamekuja leo na ndoo za maji kwa ajili ya kazi za msiba huu bila kuombwa na mtu. Leo Kanisa linaadhimisha Kupalizwa kwa Bikira Maria, mama aliyemzika mwanawe akamngojea. Tunamkabidhi Wensi kwake.

Mama aliponawa mikono aliingia chumbani, akaigeuza ile picha, akaifuta kwa kanga yake, akanikabidhi mwenyewe niiweke mbele ya jeneza. Akasema, "Nenda kawasomee. Ukimaliza, waambie sasa wanaweza kusimama."

Nimemaliza. Naomba tusimame.

Pumzika kwa amani ya Bwana, Wensi. Safari hii uko hapa, na tumekusimamia.